Jodari, Ndimu na Ripoti Niliyoiandika

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii nimewafundisha watoto kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimeitungia maswali ya mitihani, nimeitumia katika hotuba za kufunga shule, na kila mara niliona inawahusu watu wengine. Haikunijia mimi mwenyewe mpaka siku mjukuu wangu aliponiandalia sahani ya samaki.

Huenda msomaji akashangaa kuona mzee wa umri wangu ameketi kuandika habari za saladi. Namwomba anivumilie. Ndani ya sahani ile mna historia ndefu ya bahari na biashara, na mna pia deni langu moja ambalo nimechelewa mno kulilipa.

Mwaka 2019 daktari aliniambia kuwa presha yangu imepanda na lehemu katika damu imezidi. Akanishauri nipunguze chumvi, mafuta na nyama nyekundu, lakini nisipunguze protini, kwa kuwa misuli ya mzee hupungua upesi asipokula vizuri. Mjukuu wangu, ambaye wakati ule alikuwa akisomea uuguzi, alilichukua agizo hilo kwa bidii kuliko mimi. Jumapili moja akaja na makopo mawili ya jodari wa maji.

"Babu," akasema, "leo nakutengenezea saladi ya jodari isiyo na mayonezi. Siku hizi watu wanaiacha mayonezi kabisa. Wanatia ndimu na mtindi kidogo."

Alinieleza kama anayenipa habari mpya kutoka ng'ambo. Akakata kitunguu, akakiosha kwa chumvi, akakamua ndimu, akatia pilipili na majani ya giligilani. Nilipotia tonge la kwanza kinywani nilinyamaza. Ukiondoa ule mtindi, ladha ile niliijua. Nilikuwa nimeionja mara moja tu, mwaka 1986, katika jiko la shule niliyokuwa nikiiongoza, nikaikataa.

Kabla sijasimulia kwa nini niliikataa, hapana budi kwanza tuulize mayonezi ilifikaje katika samaki.

Mayonezi ni mchuzi mzito wa mafuta, kiini cha yai bichi, na siki au ndimu. Kwa kawaida mafuta na maji havipatani; ukivikoroga, baada ya muda kila kimoja hurudi upande wake. Lakini kiini cha yai kina uwezo wa kuvishikanisha. Mpishi hutia mafuta tone kwa tone huku akipiga bila kupumzika, na mafuta hukatika vipande vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vikabaki vimeelea. Akiharakisha, mchuzi hukatika na kazi yote hupotea. Wafaransa hupenda kusimulia kwamba mchuzi huu ulibuniwa mwaka 1756, jeshi la Richelieu lilipowatoa Waingereza katika mji wa Mahón, kisiwani Menorca. Ni hadithi tamu, lakini haina ushahidi wa kutosha. Jambo la hakika ni kwamba mwanzoni mwa karne ya 19 jina hilo lilikuwa limeingia katika vitabu vya mapishi vya Ufaransa, likihesabiwa miongoni mwa mapambo ya meza za wakubwa.

Jodari wa kopo naye ana historia yake. Mwaka 1810 Mfaransa Nicolas Appert alipata tuzo ya serikali yake kwa kugundua njia ya kuhifadhi chakula kwa kukifungia katika chupa na kukichemsha. Mwaka huohuo Peter Durand alipata hataza Uingereza ya kutumia vyombo vya bati. Tangu hapo samaki wadogo kama dagaa walitiwa makoponi kwa wingi. Jodari alikuja nyuma sana huko Marekani. Mwaka 1903, katika bandari ya San Pedro, California, dagaa waliadimika, na Albert Halfhill, mwenye kiwanda, akabaki na makopo matupu. Akajaribu kuyajaza jodari mweupe. Alipompika kwa mvuke aliona nyama imegeuka nyeupe na kufanana na ya kuku. Hapo ndipo biashara ilipoanza. Katika Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Marekani iliwahimiza raia kula samaki ili nyama ibaki kwa askari, na kopo la jodari likaingia katika majiko mengi.

Sasa msomaji aangalie jinsi njia hizi mbili zilivyokutana. Jodari wa kopo hupikwa mara mbili: mara ya kwanza kwa mvuke kabla ya kutiwa koponi, mara ya pili ndani ya kopo lenyewe ili vijidudu vife. Nyama yake hutoka kavu. Wamarekani tayari walikuwa na desturi ya kuchanganya mabaki ya kuku na mayonezi. Walipopata samaki aliyefanana na kuku, tena mkavu, wakamtendea vivyo hivyo. Na mayonezi nayo ilikuwa imeshuka kutoka meza za wakubwa. Huko New York mhamiaji kutoka Ujerumani, Richard Hellmann, alianza kuiuza katika chupa mwaka 1912. Kwa hiyo mayonezi katika samaki ilikuwa dawa ya ugonjwa fulani: ukavu wa samaki wa kopo. Tena ilikuwa dawa ya watu wenye baridi, na baadaye wenye majokofu.

Watu wengine waliokula jodari tangu zamani hawakuihitaji dawa hiyo. Watu wa Toscana, Italia, humchanganya na maharage meupe, kitunguu na mafuta ya zeituni. Saladi ya mji wa Nice, iliyo maarufu duniani, haina mayonezi. Karibu zaidi nasi, katika Bahari hii yetu ya Hindi, watu wa Maldivi hula asubuhi jodari aliyechambuliwa akachanganywa na nazi iliyokunwa, kitunguu, pilipili na ndimu. Sisi wa pwani tunayo kachumbari. Nisimdanganye msomaji kwamba kachumbari ni mali yetu ya asili: jina lake limetoka Bara Hindi, ndimu ilitoka Asia, na nyanya na pilipili zilitoka Amerika na kutufikia baada ya Wareno kuzijua bahari zote mbili. Lakini vitu hivyo vilikaa nasi, vikajaribiwa na jua letu, vikafaa. Mbachao si lazima uwe umefumwa nyumbani kwako. Ni ule uliokwisha kuulalia ukaujua.

Mimi nilipata mayonezi chuoni. Nilisomea ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mkufunzi wetu wa maarifa ya nyumbani alitugawia maelezo yaliyochapwa kwa stensili. Humo mliandikwa "Saladi ya samaki" na vipimo vyake: viini viwili vya mayai, kikombe cha mafuta, siki, haradali. Hatukuipika hata siku moja, kwa kuwa mafuta hayakutosha. Lakini niliyakariri maelezo yale kama nilivyokariri kanuni za hesabu. Katika fikra zangu saladi ilikuwa hiyo, na kachumbari ilikuwa kitu cha kulia pilau nyumbani.

Tuje sasa mwaka 1986. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika mji mdogo wa pwani ya Tanzania. Miaka michache nyuma tulikuwa tumepita katika dhiki iliyofuata vita vya 1978 na 1979, sabuni na mafuta ya kupikia vikigawiwa kwa foleni. Sasa hali ilikuwa ikianza kufunguka, na shule ikapata habari kwamba siku ya wazazi tungetembelewa na wageni kutoka wilayani, pamoja na mgeni mmoja kutoka nje. Nikataka waone kwamba Sayansi Kimu inafundishwa barabara katika shule yangu. Tulikuwa na mradi wa kuku, kama ilivyotakiwa katika Elimu ya Kujitegemea, mayai tunayo. Mafuta nikayatafuta mwenyewe. Nikaagiza ipikwe saladi ya samaki kwa mayonezi.

Mpishi wetu alikuwa mama mmoja mtu wa Mafia. Alfajiri ya siku hiyo alikwenda ufukweni mwenyewe, akanunua jodari aliyeshuka muda uleule, akamchemsha kwa chumvi na ndimu, akamchambua. Nilipoingia jikoni alinichotea kidogo kwa kijiko, kwenye kibakuli alichokuwa ameshakitia kitunguu, ndimu, pilipili na embe bichi iliyokatwa nyembamba.

"Onja, mwalimu," akaniambia. "Huyu ameshakuwa tayari. Hayo mayai mabichi na jua hili, mimi moyo wangu hautulii."

Nikaonja. Alikuwa mtamu. Nikamjibu, "Mama, wageni hawakuja kula kachumbari." Akainamisha kichwa, akanyamaza.

Mayonezi tuliipiga mimi na mwalimu wa Sayansi Kimu, kwa uma, mpaka mikono ikafa ganzi. Ilikuwa tayari saa tatu asubuhi. Hotuba zilikuwa nyingi, na yangu ilikuwa ndefu kuliko zote. Chakula kililiwa saa nane mchana. Saa zote hizo sahani zilikuwa zimefunikwa kwa kitambaa, chini ya bati, katika joto ambalo kila mtu wa pwani analijua.

Wageni walisifu, wakaondoka jioni. Kesho yake alfajiri nikagongewa mlango. Wanafunzi kumi na mmoja wa darasa la saba, waliohudumia meza na kupewa kilichobaki, walikuwa wakitapika na kuharisha kwa homa. Walimu wawili nao vilevile. Msichana mmoja aliishiwa maji mwilini hata akashindwa kusimama. Alikaa zahanati siku nne, na usiku wa pili baba yake aliketi nje ya dirisha akisoma dua kwa sauti ndogo. Sauti ile bado ninayo masikioni. Mwenyezi Mungu alisaidia, wote wakapona.

Nikatakiwa kuandika ripoti. Mpishi alikuwa amenijia mapema akaniambia jambo moja: kwamba yeye na wasaidizi wake wawili walikula jodari yuleyule, kutoka sufuria ileile, kwa ndimu tu, na hakuna aliyeumwa hata kichwa. Nilimsikia. Nilielewa alichokuwa akisema. Kisha nikakaa mezani nikaandika: "Inaaminika kwamba chanzo ni samaki ambaye hakuwa mzima." Nikatia sahihi, nikagonga muhuri.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Najua "inaaminika" ni kauli ya kutendeka, na sifa yake ni kwamba haimtaji mtenda. Nani aliamini? Mimi sikuamini. Lakini sentensi ilisimama vizuri, na kamati ya shule ilipokutana haikuchukua hata robo saa. Mpishi akaachishwa kazi. Alikuwa na watoto watatu.

Miaka ikapita. Nikahamishwa shule, nikapanda cheo, nikastaafu mwaka 2009 kwa sherehe na saa ya ukutani. Niliweza kuishi na ile sentensi kwa sababu nilijiambia kwamba, kwa hakika, nani ajuaye? Huenda kweli alikuwa samaki. Kila mvuvi anajua kuwa jodari aliyekaa juani hudhuru. Shaka hiyo ilinistahi kwa miaka thelathini na mitatu.

Jumapili ile ya mwaka 2019 mjukuu wangu ndiye aliyeniondolea sitara hiyo bila kujua. Nilimwuliza, kama mtu anayeuliza jambo la kawaida, jodari aliyeharibika humdhuru mtu vipi. Akanieleza walivyofundishwa. Jodari na jamaa zake wakikaa kwenye joto bila barafu, bakteria hugeuza sehemu ya nyama yao kuwa kitu kinachoitwa histamini. Hiyo haiondoki hata kwa kupikwa. Lakini dalili zake huja upesi, pengine katika dakika chache au saa chache tu: uso huwa mwekundu na kuwaka moto, kichwa huuma, moyo hupiga mbio, ngozi huwasha, na kwa kawaida hupita baada ya muda mfupi. Mayai mabichi yana hatari nyingine, salmonela. Hiyo huchukua muda kuzaana tumboni, mara nyingi saa kumi na mbili hadi thelathini na sita, ndipo huja homa, matapishi na kuharisha kwa siku kadhaa.

Nikahesabu. Walikula saa nane mchana. Waliugua usiku wa manane kuelekea alfajiri. Hakuna aliyewaka uso wala kujikuna. Walikuwa na homa. Na waliokula samaki bila mayai hawakuugua. Mwanafunzi wa darasa la saba angeweza kulifumbua fumbo hilo, na ushahidi wake muhimu nilipewa siku ileile na mtu niliyemfukuza.

Nilikwenda kumtafuta. Niliambiwa amekwisha kufariki dunia, tangu mwaka 2003. Mwanawe wa pili nilimkuta sokoni, anauza samaki. Akaniamkia shikamoo kwa adabu, nami nikamweleza yote, nimesimama mbele ya meza yake huku wateja wakipita. Alinisikiliza huku akiendelea kuondoa magamba.

"Mama alituambia siku ileile, mzee, kuwa ni mayai," akasema. Kisha baada ya kimya, "Na alikuwa akisema kuwa mwalimu yule si mtu mbaya. Alikuwa akiwaogopa wageni."

Sikuwa na la kuongeza. Nikanunua jodari kilo moja na nusu. Akanipimia, akanitoza bei kamili, na nilimshukuru moyoni, kwa maana angenipa bure nisingeweza kumbeba.

Jodari huyo nilimpika mwenyewe, na tangu siku hiyo ndicho chakula changu mara mbili kwa wiki. Namweleza msomaji, kwa kuwa wengi wa rika langu wamepewa agizo kama langu. Mnunue mapema, awe ametoka kwenye barafu, nyama yake iwe imara. Mchemshe kwa ndimu na chumvi kidogo sana mpaka aive kabisa, mwache apoe, mchambue. Ukikosa, kopo la jodari wa maji linatosha. Mmwage maji yake. Kata kitunguu chembamba, kifikiche kwa chumvi, kioshe, kikamue. Tia nyanya, tango, embe bichi ikiwa msimu wake, giligilani, pilipili kwa kadiri ya tumbo lako, na ndimu nzima. Ukitaka kishibe zaidi, ongeza maharage au kunde zilizochemshwa, kama wafanyavyo wale wa Toscana. Ukimpenda laini, vijiko viwili vya mtindi mzito uliochujwa maji vitafanya kazi ya mayonezi na kukuongezea protini. Kula mara moja, usikiweke.

Hesabu yake ni hii: gramu 100 za jodari wa maji zina protini karibu gramu 25, na mafuta hayafiki hata gramu mbili. Kijiko kimoja kikubwa cha mayonezi kina mafuta gramu kumi hivi na nguvu ya kalori karibu 100, na nani hutia kimoja? Siikashifu mayonezi. Ya dukani siku hizi kwa kawaida hutengenezwa kwa mayai yaliyopitishwa kwenye joto la kuua vijidudu, na mwenye afya aile apendavyo. Nasema tu kwamba ilikuwa jibu la swali ambalo sisi hatukuulizwa. Samaki wetu hakuwa mkavu. Jokofu hatukuwa nalo. Na jikoni alikuwapo mtu aliyeyajua hayo yote, naye hakuwa na stensili.

Mwezi uliofuata nilikwenda katika shule ile nikiwa na barua ya kurasa mbili. Nilitaka iwekwe katika jalada pamoja na ripoti ya 1986, ili atakayesoma moja asome na nyingine. Mwalimu mkuu wa sasa, kijana mwenye heshima, alinipeleka mwenyewe stoo. Tulifungua masanduku. Mafaili ya miaka ile yalikuwa yameliwa na mchwa, yamebaki unga.

"Basi mzee," akasema kwa kunifariji, "hakuna tena kinachomshutumu."

Hakujua kwamba mji mdogo hautunzi habari kwenye mafaili. Katika mji ule bado wako watu wazima wanaokumbuka kuwa mpishi wa shule aliwalisha watoto samaki mbovu. Kwa ajili yao naiandika ripoti hii ya pili, na safari hii natumia kauli ya kutenda. Samaki alikuwa mzima. Mpishi alinionya. Mayonezi niliipiga mimi, mayai niliyaagiza mimi, hotuba ndefu ilikuwa yangu, na sentensi ile ya uongo niliiandika mimi.